Culbertson: Mtu aliyewapa wageni lugha moja mezani

Aibu iliyonipata usiku mmoja ndiyo iliyonifanya niyachunguze maisha ya mtu nitakayekusimulia leo. Nilikuwa karani kijana mjini Mombasa, nikijiona bingwa wa karata za barazani. Jioni moja nikaalikwa kwenye meza ya briji, kwa kuwa mchezaji wa nne hakutokea. Nikaketishwa mkabala na bwana mmoja ambaye sikuwa nimepata kumwona. Nilitangaza pau moja nikiwa na maana yangu, naye akaielewa kwa maana yake. Tukashindwa vibaya, na yule bwana hakunisemesha tena hata tulipoagana.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kwa karata zote 52. Wenzi hukaa wakitazamana. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, huwa kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake hutaja aina anayotaka iwe turufu, yaani kopa, uru, shupaza au pau, pamoja na mara ambazo upande wake unaahidi kula. Kukonyeza jicho ni marufuku. Katika mnada huna njia nyingine ya halali ya kumweleza mwenzako ulicho nacho mkononi ila kwa maneno hayo machache. Basi watu wawili waliokutana jioni hiyo hiyo wataelewana vipi?

Aliyelijibu swali hili kwa kishindo ni Ely Culbertson. Alizaliwa nchini Rumania mwaka wa 1891. Baba yake alikuwa Mmarekani, mhandisi wa migodi na mafuta, na mama yake alikuwa Mrusi. Kijana huyo alikulia kati ya mataifa, akasoma Paris na Geneva, akajua lugha kadhaa. Mapinduzi ya Urusi ya mwaka wa 1917 yaliifilisi jamaa yake. Mtoto wa tajiri akawa mtu wa kutafuta riziki kwa karata, na mwaka wa 1921 akahamia Marekani.

Huko New York alikutana na Josephine Dillon, mwalimu wa briji aliyeheshimiwa sana kwa utulivu wake. Wakaoana mwaka wa 1923. Mume alikuwa mwingi wa maneno na majivuno, mke mpole na makini. Mezani walikuwa pacha.

Mwaka wa 1925 Harold Vanderbilt alitunga kanuni mpya za kuhesabu alama, na briji ya zamani ikageuka kuwa hii inayochezwa hadi leo. Watu waliipenda, lakini wakachanganyikiwa, maana kila mwalimu alifundisha mnada wake. Culbertson akaona mwanya. Mwaka wa 1929 akaanzisha gazeti la briji, na mwaka wa 1930 akatoa kitabu chake cha samawati kilichonunuliwa kama maandazi ya asubuhi.

Alichofundisha hakikuwa uchawi. Ree peke yake ilihesabiwa moja. Ree na mfalme wa aina moja, mbili. Mfalme na malkia wa aina moja, moja. Mfalme mwenye karata ndogo kando yake, nusu. Karata zote 52 zina jumla ya kama nane hivi, na mwenye mbili na nusu aliweza kuufungua mnada. Aliyefungua kwa mbili za aina yoyote alikuwa anamwambia mwenzake kwamba ana mkono mzito mno, asinyamaze kabla hawajafika kwenye ahadi ya kupata gemu. Mikono mingine ilianzia chini, wenzi wakapanda ngazi polepole huku wakiulizana na kujibizana.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa faida ya jambo hili. Soko la Mombasa halikungoja kila mfanyabiashara ajifunze lugha ya kila mwenziwe. Kiswahili kilitosha. Vivyo hivyo, mtu aliyekisoma kitabu kile aliweza kuketi na mgeni aliyekisoma pia, na wakacheza kama waliojuana.

Walimu wengine walikasirika. Mwaka wa 1931 waliungana na kutangaza utaratibu wao wenyewe, wakauita rasmi. Culbertson akamwita uwanjani mmoja wa wakuu wao, Sidney Lenz. Aliweka dola 5,000 dhidi ya dola 1,000 za Lenz, fedha hizo ziende kwa wahitaji. Shindano lilianza Desemba mwaka wa 1931 katika hoteli mjini New York, likaendelea hadi Januari 1932 kwa duru 150, na waandishi wa magazeti walijazana.

Na hapo, msomaji, ndipo penye funzo. Mwenzi wa Lenz alikuwa Oswald Jacoby, mchezaji hodari kabisa. Lakini hodari hao wawili hawakupatana, na baada ya duru 103 Jacoby akajiuzulu. Culbertson, aliyecheza duru nyingi na mkewe, alishinda kwa alama 8,980.

Hata hivyo, mganga hajigangi. Mwaka wa 1937 walishindwa na Waaustria mjini Budapest, na mwaka wa 1938 bwana na bibi waliokuwa mfano wa maelewano walitalikiana. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, Culbertson aliiacha briji kwa kiasi kikubwa. Akili yake aliigeuzia mpango wa kuyapatanisha mataifa, ambamo nchi zingechangia askari kwa viwango vilivyowekwa ili kulinda amani. Mataifa hayakumfuata kama walivyomfuata wacheza karata. Alifariki Desemba mwaka wa 1955 katika jimbo la Vermont. Josephine naye alifariki Machi 1956, miezi mitatu tu baadaye.

Hesabu yake imekwisha kuwekwa kando. Charles Goren alieneza kuanzia mwaka wa 1949 hesabu nyepesi zaidi: ree nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja. Hiyo ndiyo wanayoanza nayo wanafunzi wengi wa leo. Lakini wazo la kwamba wageni wawili wawe na lugha moja kabla ya kuketi, hilo lilibaki.

Mimi nami nilijirekebisha. Nikiketi na nisiyemjua, humwuliza kwanza anafungua mnada kwa nguvu kiasi gani, na pau moja kwake ina maana gani. Huchukua dakika mbili tu. Laiti ningalimwuliza yule bwana wa Mombasa, labda tungaliagana kwa kupeana mikono.