Kawawa: Mtumishi wa serikali aliyekuja kuwa mwajiri

Wafanyakazi wengi wa viwanda vya Kipawa ni majirani wa Kiwalani, alikoishi hayati Rashidi Mfaume Kawawa. Wanamkumbuka kama waziri mkuu. Kabla ya hapo alikuwa mwajiriwa kama wao.

Alizaliwa Songea mwaka 1926. Baada ya shule ya Tabora aliacha nafasi ya Makerere ili apate mshahara wa kusomesha wadogo zake, akawa karani wa hesabu wa serikali ya kikoloni. Baadaye, akiwa ustawi wa jamii, alicheza filamu ya Muhogo Mchungu, kazi isiyomdhuru mtu.

Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, mahali ambapo Waingereza walishindwa na mradi wao wa karanga, kuwahudumia Wakikuyu waliowekwa kizuizini kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kawawa hakumkamata mtu wala hakutunga sheria ya kuwazuia. Lakini kambi haiendeshwi na gavana peke yake. Inaendeshwa na makarani, askari na maofisa wanaosubiri mwisho wa mwezi. Kusema alitumwa tu ni kurahisisha mambo. Kumbebesha mzigo wa gavana nako ni uonevu.

Mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Njia iliyobaki ilikuwa chama cha watumishi, na Kawawa akawa rais wa TAGSA. Mwaka 1955 alishiriki kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, akiwa katibu mkuu. Mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali, uamuzi mzito kwa Mwafrika wa wakati ule mwenye ajira ya uhakika. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma Dar es Salaam mwaka 1958, TFL na TANU waliwaomba wananchi waisusie bia yenyewe.

Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu, yaani mwajiri mkubwa kuliko wote nchini. Mwaka huohuo serikali yake ilipitisha sheria iliyobana mno haki ya kugoma, na nyingine iliyowazuia watumishi wa ngazi za juu kuwa katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.