Anténor Firmin: Mwanasiasa wa Haiti Aliyeukosa Urais, Akabaki na Heshima

Haiti imeongozwa na marais wengi tangu ilipojitangazia uhuru Januari 1, 1804. Hata hivyo, mmoja wa wanasiasa wake wanaokumbukwa kwa heshima kubwa hakuwahi kushika wadhifa huo. Huyo ni Joseph Anténor Firmin.

Firmin alizaliwa Oktoba 18, 1850 mjini Cap-Haïtien, kaskazini mwa nchi, katika familia ya hali ya chini. Alifundisha shule, akasomea sheria na kuandika magazetini kabla ya kujitosa katika siasa. Mwaka 1884, akiwa Paris, alipokewa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Anthropolojia. Humo aliwakuta wasomi waliopima mafuvu ya vichwa ili kuthibitisha kwamba mtu mweusi ni duni kwa maumbile. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kikubwa kuhusu usawa wa mbari za binadamu, akazipangua hoja zao moja baada ya nyingine. Wasomi wa Ulaya wa wakati huo hawakukipa uzito.

Mwaka 1889 Rais Florvil Hyppolite alimteua kuwa Waziri wa Fedha na Mambo ya Nje. Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1891, Marekani ilipotaka kupewa bandari ya Môle Saint-Nicolas iwe kituo cha makaa ya mawe cha manowari zake. Mazungumzo yaliongozwa na Admirali Bancroft Gherardi, pamoja na balozi Frederick Douglass, huku manowari za Marekani zikiwa zimetia nanga katika maji ya Haiti. Firmin alidai kwanza hati rasmi za mjumbe huyo, kisha akakataa ombi lenyewe kwa lugha ya upole. Alieleza kwamba taifa huru haliwezi kukubali sharti la namna hiyo mbele ya mizinga bila kuonekana limesalimu amri. Bandari ikabaki mikononi mwa Haiti.

Mwaka 1902 aliwania urais. Mvutano wa wagombea uligeuka kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Admirali Hammerton Killick, aliyemuunga mkono, aliilipua meli yake huko Gonaïves na kufa nayo, asiikabidhi kwa manowari ya Ujerumani. Firmin alishindwa, na urais ukachukuliwa na Jenerali Nord Alexis.

Alikimbilia kisiwa cha Saint Thomas, wakati huo koloni la Denmark, akaendelea kuandika. Alifariki huko Septemba 19, 1911. Miaka minne baadaye majeshi ya Marekani yaliingia Haiti, na hayakuondoka hadi mwaka 1934.

Kitabu chake kilichopuuzwa kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2000, na leo kinasomwa vyuoni kama moja ya kazi za mwanzo zilizoipinga dhana ya ubaguzi wa rangi kwa hoja za kisayansi. Heshima ambayo kura na bunduki havikumpa, Firmin aliipata kwa kalamu yake na kwa msimamo aliouonyesha mbele ya manowari.