Fausto Coppi, Mpanda Baisikeli wa Italia

Upande wa kaskazini wa nchi ya Italia pana kijiji kidogo juu ya kilima, ambacho jina lake lilikuwa Castellania. Vilima vinakizunguka pande zote, na juu yake watu hulima ngano na mizabibu, ambayo matunda yake hukamuliwa divai. Njia za huko hupanda na kushuka, kama zilivyo njia zetu za Mbozi zipitazo katikati ya mashamba ya kahawa. Mtu wa Chapwa aliyepata kupanda kilima kwa baisikeli yenye mzigo ajua vema jinsi kazi hiyo ilivyo nzito.

Katika kijiji hicho alizaliwa Fausto Coppi, tarehe 15 Septemba 1919. Wazazi wake walikuwa wakulima, wala hawakuwa na mali nyingi. Watoto wao walikuwa watano, naye Fausto alikuwa wa nne. Alikuwa mtoto mwembamba, wala hapana aliyemdhania kuwa atakuwa na nguvu nyingi. Alipokuwa bado mdogo alipata baisikeli mbovu iliyoshika kutu, akaitengeneza kadiri alivyoweza, akaanza kuipanda. Inasimuliwa kwamba siku moja aliacha kwenda shule kwa ajili ya baisikeli, na mwalimu wake akampa adhabu ya kuandika mara mia kwamba imempasa kuwa shuleni.

Alipopata umri wa miaka kumi na mitatu alikwenda katika mji wa Novi Ligure kufanya kazi kwa mwuza nyama. Kazi yake ilikuwa kuchukua nyama kwa baisikeli na kuwapelekea wanunuzi nyumbani kwao. Basi kila siku alipanda na kushuka vilima, na miguu yake ikazidi kupata nguvu pasipo yeye mwenyewe kujua. Jamaa yake mmoja, aliyekuwa baharia, akampa fedha za kununulia baisikeli iliyo bora.

Katika mji ule alikuwapo mtu kipofu, jina lake Biagio Cavanna. Kazi yake ilikuwa kuwakanda wapanda baisikeli na kuwafundisha. Macho yake hayakuona, lakini mikono yake ilijua kupima nguvu za mtu. Alipomshika Coppi miguu na kifua, alitambua kwamba kijana huyu si kama wengine. Akamfundisha kula kwa kiasi, kulala mapema, na kufanya mazoezi kila siku. Coppi alimtii, na utii huo ndio ulioanza kumwinua.

Katika Italia yako mashindano makubwa yafanyikayo kila mwaka, ambayo wapanda baisikeli huzunguka nchi kwa muda wa majuma matatu hivi. Mwaka 1940 Coppi aliingia katika mashindano hayo. Hakuingia ili ashinde, bali ili amsaidie Gino Bartali, mkubwa wa kundi lake, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea nchi nzima. Lakini katika siku za kwanza Bartali alianguka akaumia. Baadaye, siku ya kuvuka milima kutoka Florence kwenda Modena, mvua ilinyesha na baridi ilikuwa kali. Coppi akawaacha wenzake wote nyuma, akafika peke yake. Mashindano yalipokwisha, tarehe 9 Juni, mshindi alikuwa yeye, kijana wa miaka 20. Hata leo hapana aliyeshinda mashindano hayo akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Kesho yake Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili. Coppi akawa askari. Mwaka 1942, Milan ikiwa mji wa hofu kwa ajili ya mabomu, alipewa ruhusa kujaribu kuishinda saa. Akapanda baisikeli katika uwanja wa mji huo, na kwa muda wa saa moja akaenda zaidi ya kilomita 45. Hapana aliyepita mwendo huo mpaka mwaka 1956. Baadaye akapelekwa vitani katika Afrika ya Kaskazini, na mwezi wa Aprili 1943 Waingereza wakamteka huko Tunisia. Akakaa utumwani karibu miaka miwili, na miaka hiyo ilikuwa ndiyo miaka bora ya ujana wake. Vita ilipokwisha alirudi kwao, naye alisafiri sehemu ya njia kwa baisikeli.

Watu wengi walidhani kwamba nguvu zake zimekwisha. Basi mwezi wa Machi 1946 yakafanyika mashindano ya kutoka Milan mpaka San Remo, mwendo wa karibu kilomita 290 kwa siku moja. Njia hiyo huanza katika nchi tambarare, kisha hupanda mlima uitwao Turchino, halafu hushuka mpaka pwani. Huko pwani vilima vimekatwa kama ngazi, na kila ngazi ina ukuta wa mawe na mizeituni, ile miti tunayoisoma katika Maandiko, itoayo mafuta mazuri. Coppi alipovuka mlima ule alikuwa peke yake mbele. Akashuka, akapita chini ya mizeituni kando ya bahari, wala hakutazama nyuma. Alipofika mwisho, watu walingoja dakika 14 kabla ya kumwona mtu wa pili.

Tangu hapo alishinda mara nyingi. Mashindano ya kuzunguka Italia aliyashinda mara tano kwa jumla. Mwaka 1949 aliyashinda hayo na yale ya kuzunguka Ufaransa katika mwaka mmoja, jambo ambalo halikupata kufanywa na mtu awaye yote kabla yake. Katika mwaka huo ndiyo siku inayokumbukwa kuliko zote. Wapanda baisikeli walitoka Cuneo kwenda Pinerolo, wakavuka milima mitano mirefu ya Alps. Coppi alitangulia mapema, akaenda peke yake kilomita 192, karibu mara mbili ya mwendo wa kutoka Tunduma mpaka Mbeya. Bartali alifika wa pili, akiwa nyuma yake karibu dakika 12. Watu wa Italia waligawanyika, hawa wakimpenda Bartali na hawa wakimpenda Coppi. Lakini mwaka 1952, katika mashindano ya Ufaransa, mpiga picha aliwapiga picha wakipeana chupa ya maji katika kupanda mlima. Mpaka leo watu hubishana ni nani aliyempa mwenziwe. Lililo wazi ni kwamba washindani wawili walikunywa chupa moja.

Hata hivyo maisha yake hayakukosa huzuni. Ndugu yake mdogo, Serse, naye alikuwa mpanda baisikeli. Mwezi wa Juni 1951 Serse alianguka mjini Turin, karibu na mwisho wa mashindano. Aliinuka, akamaliza njia, na watu wakadhani hakuumia sana. Lakini siku ile ile akafa, maana aliumia ndani ya kichwa. Coppi alilia sana, akataka kuacha mashindano kabisa. Hakuacha, na mwaka 1953 akawa bingwa wa ulimwengu.

Sasa twafika mwisho wa habari zake, na mwisho huu yatupasa sisi wa Afrika kuujua kuliko watu wengine. Mwezi wa Desemba 1959 Coppi na wapanda baisikeli wengine wa Ulaya walialikwa kwenda nchi ya Volta ya Juu, ambayo leo huitwa Burkina Faso. Wakashindana huko, kisha wakaenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Mfaransa, Raphaël Géminiani, na mbu walikuwa wengi. Wakarudi kwao wakiwa wazima. Baada ya siku chache wote wawili wakashikwa na homa kali, kila mmoja katika nchi yake.

Huko Ufaransa waganga walipima damu ya Géminiani, wakaona ya kuwa ni malaria. Wakampa kwinini, akapona. Huko Italia waganga wa Coppi walidhani ni homa ya mafua na ugonjwa wa mapafu. Neno malaria lenyewe lilitoka katika lugha ya Wataliano, na zamani ugonjwa huo uliwaua wengi katika nchi yao. Lakini kufikia miaka ile ulikuwa umekwisha kufukuzwa karibu kabisa, na waganga walikuwa wamezoea kutouona. Inasimuliwa kwamba habari za Géminiani ziliwafikia, nao hawakuzisadiki. Coppi akafa katika hospitali ya Tortona tarehe 2 Januari 1960, akiwa na umri wa miaka 40.

Basi mtu aliyevuka milima mitano kwa siku moja aliangushwa na mdudu mdogo asiyeweza kuonekana gizani. Hakufa kwa sababu dawa haikuwako, dawa ilikuwako. Alikufa kwa sababu damu yake haikupimwa kwa wakati wake. Géminiani, aliyelala naye chumba kimoja na kuumwa na mbu wale wale, aliishi mpaka mwezi wa Julai 2024, akafa mzee wa miaka 99. Tofauti ya hao wawili haikuwa nguvu za mwili, maana kwa nguvu Coppi alimpita. Tofauti ilikuwa maarifa.

Coppi alizikwa katika kijiji chake, naye ndugu yake Serse amelala kando yake. Mwaka 2019, ilipotimia miaka mia tangu kuzaliwa kwake, kijiji kiliongezewa jina lake, kikaitwa Castellania Coppi. Na kila mwaka mlima ulio mrefu kuliko yote katika mashindano ya Italia huitwa kwa jina lake. Nawe, mwanafunzi, ukiona homa nyumbani kwenu, usikae ukidhani. Lala ndani ya chandalua, na mgonjwa apelekwe mapema apimwe damu, hata akiwa ni mtu mwenye nguvu kuliko wote kijijini.

MASWALI

1. Kazi ya kwanza ya Coppi ilimsaidiaje baadaye?
2. Cavanna alikuwa kipofu. Je, alimtambuaje Coppi?
3. Eleza njia ya kutoka Milan mpaka San Remo.
4. Kwa nini waganga wa Italia hawakuufahamu ugonjwa wa Coppi?
5. Kwa nini Géminiani alipona?