Fundi Viatu Aliyesimama Kortini

Kijana wa kwetu akishikwa, Jumapili tunataja jina lake kwa maombi. Jumatatu kesi ikitajwa, benchi za korti ziko tupu, labda mama yake tu. Kwa hiyo wiki hii tumtazame mtu mmoja aliyezoea kukaa kwenye benchi hizo.

John Augustus hakuwa mchungaji wala wakili. Alikuwa fundi viatu, mzaliwa wa jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1785. Karakana yake mjini Boston ilikuwa karibu na korti ya polisi, na yeye alikuwa mwanachama wa chama cha watu walioapa kuacha pombe.

Asubuhi moja ya Agosti 1841 aliingia kortini. Akaletwa mwanamume mmoja, nguo matambara, sura ya kuhurumiwa. Shtaka lilikuwa ulevi wa kupindukia, na kosa lenyewe halikuwa na ubishi. Mlevi wa aina hiyo alikuwa anafungwa, anatoka, anarudia chupa, anarudi ndani. Augustus alizungumza naye kidogo. Yule mtu akamwambia kwamba akiepushwa na jela hataonja pombe tena. Basi fundi wetu akasogea mbele ya hakimu, akamwekea dhamana.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Hakuwa ndugu yake, na wala hakumjua jana yake. Ni kama vile Paulo alivyokubali deni la Onesimo lihesabiwe kwake, tofauti ni kwamba Paulo alikuwa ameshaishi na Onesimo.

Hakimu akawapa wiki tatu. Yule mtu akatia sahihi kiapo cha kuacha pombe, na siku ya kurudi alikuwa amebadilika hata maafisa wa korti wasingeamini ni yeye. Akatozwa faini ya senti moja pamoja na gharama za kesi, jumla dola 3.76. Jela hakuiona.

Baada ya hapo Augustus hakurudi nyuma. Mwanzoni alichukua wanaume walevi, kisha wanawake, na kutoka 1843 watoto. Lakini hakuwa anaokota kila mtu tu. Alipendelea waliokosa mara ya kwanza, akachunguza tabia yao, umri wao na watu wanaowazunguka. Alihakikisha mtoto amepelekwa shule, mtu mzima amepata kazi, wengine akawatafutia mahali pa kulala. Aliandika kila kesi, na akarudi kumpa hakimu ripoti.

Unadhani alishangiliwa? Kulikuwa na maafisa waliolipwa ada kwa kila mtu aliyepelekwa jela, kwa hiyo kila dhamana yake ilitoboa mfuko wa mtu. Wakampinga. Biashara ya viatu nayo ikadorora kwa sababu fundi alikuwa kortini kutwa, mpaka ikabidi aiache na kutegemea michango ya wasamaria wema. Hapa ndipo mimi huona wengi wetu tungesema, Bwana, tuma mwingine.

Kufikia 1858 alikuwa amewawekea dhamana watu 1,946. Akafariki mwaka wa 1859. Kwa miaka hiyo yote hakuwa na mshahara wa serikali. Ni mwaka wa 1878, yeye akiwa kaburini, ndipo Massachusetts ilipotunga sheria ya kuajiri afisa wa probesheni Boston.

Kazi hiyo ilifika hata kwetu: sheria ya probesheni ya Kenya ni ya mwaka wa 1943, na huduma ilianza 1946. Mpaka leo, kabla ya hakimu kuamua, afisa wa probesheni hufika mtaani kuuliza familia, chifu na majirani huyu ni mtu wa aina gani, na akiachiliwa ataishi kwa nani. Akibisha mlango wa jirani kwanza kabla ya wa kanisa, tujiulize ni kwa nini.