Maisha ya Imamu Shafi na Subira Yake Katika Kusomesha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Imamu Shafi, ambaye watu wa pwani yetu wanafuata madhehebu yake, jina lake ni Muhammad bin Idris, na nasaba yake ni ya Kikureshi. Alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), nao ndio mwaka aliofariki Imamu Abu Hanifa. Babaye alikufa naye yungali mdogo, na alipopata umri wa miaka miwili mamaye akamchukua Makka, ili akue karibu ya jamaa zake na nasaba yake isipotee.

Mama yule alikuwa fukara. Akamtia mwanawe chuoni, wala hana cha kumpa mwalimu. Mwalimu alipokuwa akiwasomesha watoto wengine, yatima huyu husikiliza na kuyashika yote yanayosomwa. Na mwalimu akiinuka kwenda katika haja zake, yeye hukaa mahali pake akawarudishia wenziwe somo lao. Hata mwalimu akaona kuwa kazi hii inamfaa kuliko ada, akaacha kumdai. Basi tangu udogo wake alikuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja. Na kila mwenye kumsomesha mwenziwe, somo lile huzidi kukita katika moyo wake mwenyewe. Akahifadhi Qur'ani naye ana umri wa miaka saba.

Alipoanza kuhudhuria darsa za wanavyuoni msikitini, hakuwa na fedha ya kununulia karatasi. Akawa akiokota mifupa mipana akiandika juu yake, na ikijaa huitia katika mtungi wa nyumbani kwao. Tena akawa akienda katika diwani ya serikali kuomba karatasi zilizokwisha kuandikwa upande mmoja, ili aandike upande wa pili. Kisha akatoka kwenda jangwani kukaa na kabila la Hudhail, waliosifika kwa ufasaha wa Kiarabu, akahifadhi mashairi yao na ulimi wake ukanyooka. Huko nyuma alipenda pia kutupa mishale, akadumu kujizoeza hata akawa akitupa kumi na yote kumi hupiga shabaha.

Kabla ya kwenda Madina kwa Imamu Malik alikihifadhi kitabu chake cha Muwatta. Alipofika, akamsomea kwa moyo. Imamu Malik akapendezwa na usomaji wake uliokuwa ukienda pasi na kukwama, akawa akimtaka azidishe, hata akakimaliza kitabu kwa siku chache. Akadumu kusoma kwake, na Imamu Malik alifariki mwaka 179 wa Hijra (795).

Baada ya safari za Yaman na Iraq, Imamu Shafi alihamia Misri mwishoni mwa karne ya pili ya Hijra, akasomesha katika msikiti wa Amri bin Al-As mjini Fustat. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo wepesi wa fahamu, kama Muzani na Buwaiti. Na alikuwamo Rabii bin Sulaiman Al-Muradi, mwadhini wa msikiti ule, naye alikuwa mzito wa kufahamu. Inasimuliwa kuwa siku moja Imamu alimrudia mas'ala moja mara arobaini, wala hakuyafahamu. Rabii akaona haya, akainuka akatoka katika darsa. Imamu hakumkemea wala hakumwacha. Alimwita faraghani, akamrudia tena na tena hata akafahamu.

Imamu Shafi alifariki Fustat siku ya mwisho ya Rajabu mwaka 204 wa Hijra (820), akazikwa huko huko. Buwaiti baadaye akafungwa Iraq katika ile fitina ya Qur'ani, akafa gerezani. Muzani akaandika muhtasari wake mashuhuri. Lakini Risala na Kitabul-Umm, hivi vilitufikia kwa mapokezi ya yule mwadhini mzito, aliyeishi hata mwaka 270 wa Hijra (884), na watu wakamwendea kutoka nchi za mbali ili wavisikie kwake.

Basi na azingatie kila mwenye mtoto, na kila mwenye chuo. Mtoto asiyeshika alifu na be kwa mara ya kumi, huenda akashika kwa mara ya arobaini na moja. Akipigwa na kuchekwa mbele ya wenziwe, atakimbia chuo, na ilimu aliyoandikiwa kuibeba itapotea pamoja naye. Dawa yake ni kurudiwa kila siku kidogo kidogo, na kuwekewa mwenziwe aliyemtangulia amsomeshe pembeni, ili wote wawili wafaidike. Na mtoto wa fukara asifukuzwe kwa sababu ya ada, kwani ni yatima asiye na ada aliyekuwa Imamu wetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Shafi, na amrehemu Rabii, na awafungulie watoto wetu milango ya ilimu yenye manufaa. Amin.