Ernst Abbe: Bosi aliyewapigisha kura wafanyakazi wake kuhusu saa za kazi

Kama uliwahi kumiliki Nokia N95, bila shaka unayakumbuka yale maandishi madogo karibu na kamera: Carl Zeiss. Siku hizi jina la Zeiss liko kwenye baadhi ya simu za vivo.

Zeiss ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza kutengeneza hadubini katika karne ya 19. Wanasayansi wanamjua vizuri Ernst Abbe, mtu aliyeipa kampuni hiyo hesabu za lenzi. Ila kuna jambo jingine alilolifanya ambalo linamgusa kila mtu anayeamka asubuhi kwenda kazini.

Baba aliyekula amesimama

Abbe alizaliwa Januari 23, 1840, mjini Eisenach. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusokota nyuzi. Zamu yake ilikuwa saa 14, na biashara ikichanganya zilifika 16. Hakukuwa na mapumziko ya mchana.

Ernst akiwa mdogo ndiye aliyempelekea chakula. Baba alikula haraka haraka, amesimama, ameegemea mashine. Akimaliza anamrudishia mtoto chombo, kazi inaendelea. Abbe alikuja kusimulia kwamba baba yake alikuwa mtu mrefu mwenye nguvu nyingi, lakini alipofika miaka 48 tu alishaonekana mzee kabisa.

Wenye kiwanda waliona kijana ana akili wakamsaidia kusoma. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1861, kisha akafundisha chuo kikuu mjini Jena.

Kutoka kubahatisha hadi hesabu

Mwaka 1866, fundi wa hadubini Carl Zeiss alimwomba Abbe msaada. Wakati huo lenzi zilitengenezwa kwa kujaribu jaribu: fundi anasaga kioo, anatazama, hakijakaa sawa, anaanza upya. Abbe akaleta fomula. Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa ametumia vifaa vya Zeiss.

Biashara ikapaa. Abbe akawa mbia, na pesa ikaja. Zeiss alifariki mwaka 1888, na mwaka uliofuata Abbe akaanzisha wakfu, akaupa jina la Zeiss badala ya jina lake mwenyewe. Mwaka 1891 akakabidhi hisa zake kwa wakfu huo. Yaani tajiri alijivua umiliki, akabaki kuwa mmoja wa viongozi wa kampuni anayelipwa mshahara.

Haki, siyo hisani

Mabosi wema walikuwepo hata enzi hizo. Wapo waliojengea wafanyakazi nyumba na kuwasaidia wakiugua. Shida ni moja: bosi mwema akiondoka au akibadilika, wema nao unaondoka. Abbe, ambaye mwenyewe alisomeshwa kwa msaada wa matajiri, alitaka mfanyakazi awe na haki anayoweza kuidai.

Kwa hiyo mwaka 1896 akatoa katiba ya wakfu. Ndani yake kulikuwa na likizo yenye malipo, pensheni, fidia kwa anayeondolewa kazini bila kosa lake, na mgawo wa faida. Mtu hakutakiwa kubaguliwa kwa sababu ya asili, dini au siasa zake. Hata wakubwa waliwekewa kikomo: mshahara wa kiongozi wa juu usizidi mara 10 ya wastani wa kipato cha wafanyakazi.

Pia kulikuwa na kamati ya wafanyakazi, waliochaguliwa na wenzao. Ilikuwa na haki ya kusikilizwa kuhusu mambo ya kampuni bila kusubiri kuitwa na bosi.

Kura ya mwaka 1900

Jaribio kubwa lilikuja na saa za kazi. Kiwandani watu walifanya kazi saa 9 kwa siku. Abbe alitaka zishuke hadi 8, lakini hakubandika tu tangazo ukutani. Aliwauliza wafanyakazi: je, mnaweza, na mko tayari, kufanya ndani ya saa 8 kazi mnayoifanya kwa 9? Wakapiga kura. Wengi sana wakakubali, na majaribio yakaanza Aprili 1900.

Kisha Abbe, mtu wa hesabu, akapima. Alichukua takwimu za wafanyakazi 233 waliolipwa kulingana na kiasi cha kazi, akalinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada.

Ili kufidia saa moja iliyopotea, kila mtu alihitaji kuongeza kasi kwa asilimia 12.5. Matokeo yalikuwa asilimia 16.2. Kazi ya siku nzima iliongezeka kidogo, ingawa muda ulipungua. Maelezo yake yalikuwa rahisi: mwili uliochoka ukipewa muda wa kutosha kupumzika, kesho yake unarudi na nguvu.

Mipaka yake

Tusimpambe kupita kiasi. Kamati ile ilisikilizwa, lakini uamuzi wa mwisho ulibaki kwa uongozi. Kusikilizwa na kuamua ni vitu viwili tofauti, na wafanyakazi wengi wa leo waliowahi kujaza fomu ya maoni kazini wanalijua hilo.

Tofauti ni kwamba swali la Abbe lilikuwa la kweli. Lilihusu jambo zito, liliulizwa kabla ya mabadiliko, na matokeo yake yalipimwa na kutangazwa hadharani.

Afya yake ilizorota, akaacha uongozi mwaka 1903. Alifariki Jena Januari 14, 1905, akiwa na miaka 64. Zaidi ya karne moja baadaye, wakfu aliouanzisha bado ndio mmiliki wa kampuni ya Zeiss.

Na kwenu kazini je? Mara ya mwisho saa za kazi, likizo au zamu zilipobadilishwa, mliulizwa kwanza au mliletewa tangazo?