Idi Amin: Utata wa asili ya mtawala wa mabavu wa Uganda

Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kwa mabavu kuanzia 1971 hadi 1979, alifariki dunia mjini Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003. Hata leo mahali alipozaliwa panabishaniwa: wapo wanaotaja Koboko, wengine Kampala. Mwaka nao hutajwa kuwa 1925 au 1928.

Baba yake alikuwa Mkakwa aliyesilimu. Mama, Mlugbara aliyejulikana kwa tiba za mitishamba. Walipotengana, mtoto alilelewa na ndugu wa mama. Uvumi kwamba alikuwa mwana wa Kabaka Daudi Chwa haujathibitishwa. Mwaka 1946 alijiunga na Keya, jeshi la Waingereza, akianzia jikoni.

Mtu huyo mwenye asili yenye utata ndiye aliyewafukuza maelfu ya Waasia mwaka 1972, wakiwemo waliozaliwa Uganda.